Fimbo ya Jubilei ya Mzee Karugendo

Edvina alijifunza uzi na sindano kwa masista, na ni kwa sababu ya masista hao hao baba yake aliacha kusema naye.

Mzee Karugendo wa Buganguzi alimtoa binti yake kwa Mungu mbele ya parokia nzima. Alichinja ng'ombe, akapika ebitoke, ndizi za kulisha kijiji kizima, akapita mlango kwa mlango akiwaambia watu kwamba ukoo wake nao sasa umepata mtu wa Kanisa. Edvina akakaa utawani, akatarizi kanzu na stola za mapadre, akasifiwa mkono wake. Kisha siku moja akarudi nyumbani na sanduku lake kichwani. Hakuwa amefukuzwa. Hakuwa na mimba, wala hakuwa mgonjwa. Alisema alisali sana na kila aliposali aliona kwamba hakuitwa, basi. Hilo ndilo lililomkata mzee maini. Angekuwa mgonjwa, angewaambia watu anaumwa. Angefukuzwa, angewalaumu masista. Sasa watu walimuuliza kulikoni, naye hakuwa na la kujibu.

Tangu hapo hakumwelekezea neno. Edvina akipiga magoti na kumsalimu baba kwa Kihaya, "Shumalamu, taata," mzee aliangalia migomba. Ile "marahamba" ambayo hata mpita njia huitikiwa, binti hakuipata. Mzee akiwa na haja naye alimwambia mkewe, "Klaudia, mwambie mtu wako aondoe miguu njiani." Mtu wako. Na Klaudia, mama mzazi, aligeuka akamwambia Edvina aondoe miguu njiani, kana kwamba Edvina hakusikia.

Kwa hiyo Edvina aliteremka Bukoba, akapanga chumba Kashai, akaenda kufanya kazi kwa kaka yake.

Dastan alikuwa na kibanda cha kutengeneza fimbo za kuvulia samaki. Si zile za vijiti vya matete na ndoano za watoto. Hizi ni fimbo za faiba, nyepesi, zinazojipinda mpaka ukadhani zinavunjika, kisha zinarudi. Wateja wake walikuwa wenye hoteli za ufukweni, wageni wanaokuja kuvua sangara kwa starehe, na matajiri wa mjini waliopenda kupigwa picha wameshika samaki mkubwa. Dastan alijua kuongea nao. Alijua kuchagua fimbo tupu, kuikata, kuichongea mpini. Alichoshindwa ni uzi.

Na fimbo bila uzi si kitu. Zile pete ndogo ambazo mshipi hupita ndani yake hazina msumari wala skrubu. Kila moja ina miguu miwili ya chuma, nayo hulazwa juu ya fimbo na kufungwa kwa uzi, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi ya kupitisha hata unywele. Ukilegea, pete inacheza. Baada ya hapo ndipo yanakuja mapambo, pale juu ya mpini, ambako uzi haushikilii chochote ila macho ya mtu. Hapo Edvina hakuwa na mpinzani. Alivuta nyuzi kimshazari, moja ikienda, nyingine ikirudi, zikapishana juu ya mgongo wa fimbo. Akaongeza rangi nyingine kando ya ile ya kwanza, na nyingine tena, mpaka pale zilipopishana pakaota umbo la almasi lenye kingo za rangi tatu. Alikaa mlangoni kwenye mwanga, miwani puani, kichwa kimeinama. Wateja walikuja, wakapapasa, wakasema, "Dastan, una mikono wewe." Dastan alicheka, na Edvina aliendelea na uzi wake. Wakati ule hakuona ubaya. Kaka alikuwa amempokea siku ambazo hakuna mwingine aliyempokea.

Ikafika jubilei ya ndoa ya wazazi. Ukoo uliamua kufanya misa, na baada ya misa karamu nyumbani, Buganguzi. Dastan akaja na wazo. Mzee Karugendo alikuwa amefanya kazi bandarini Bukoba enzi za ujana wake, na huko ndiko alikojifunza kuvua kwa fimbo. Mpaka leo alikuwa akipanda bodaboda kwenda ziwani na fimbo yake kuukuu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Tumtengenezee mpya," Dastan alisema. "Yenye mapambo. Ile ambayo hata wazungu hawana."

"Nitaifanya mimi," Edvina alisema upesi, mpaka akajionea aibu kwa upesi ule.

"Ndiyo, utaifanya wewe. Lakini Vina, akijua ni mkono wako ataitupa chooni. Unamjua."

Edvina alifikiri. "Basi usimwambie mwanzoni. Mpe kwanza. Aishike, aizoee, aipende. Akishaipenda ndipo umwambie. Hataweza kurudi nyuma mbele ya watu."

"Nitamwambia," alisema Dastan. "Nakuahidi."

Aliifanya fimbo ile kama mtu anayeandika barua ambayo hana pengine pa kuiandika. Alichagua nyekundu ya buni iliyoiva, kijani cha jani la mgomba, na uzi mweupe mwembamba wa kutenganisha. Umbo alilichukua kwenye mkeka wa mama yake, ule uliotandikwa sebuleni wakija wageni: almasi kubwa, ndani yake almasi ndogo, na ndani ya ndogo kitone. Uzi mmoja ukihama kidogo tu, umbo zima linapinda; mara mbili lilipinda, mara mbili alifumua lote akaanza upya. Pete alizifungia nyekundu zenye ukingo mweupe. Alipomaliza, alisugua nyuzi kwa mgongo wa kijiko mpaka zikalala kama ngozi, akapaka ile gundi ya kung'aa, akakaa akiizungusha fimbo polepole mapajani mchana kutwa ili gundi isitiririke upande mmoja. Mkewe Dastan alipita akasimama.

"Haya ni mapenzi," alisema.

"Ni kazi," Edvina alijibu, lakini uso ulimwaka.

Siku ya jubilei uwanja wa Mzee Karugendo ulijaa. Turubai zilifungwa mpaka kwenye mibuni, rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa ndani ya mapipa, na ebitoke vilikuwa vikitoka jikoni kwenye masinia yanayofuka moshi. Wazee walikaa mbele pamoja na mzee. Klaudia kando yake amevaa gauni jipya, mikono imelala mapajani. Edvina alikuwa nyuma na wanawake wa jikoni, alipoelekezwa akae. Alikuwa amempigia baba yake magoti asubuhi. Mzee alikuwa ameangalia migomba.

Wakati wa zawadi, Dastan alisimama na fimbo ndani ya mfuko wa kitambaa. Aliongea vizuri, kama kawaida yake. Akafungua mfuko.

Watu waliguna kwa pamoja. Jua lilikuwa limeingia chini ya turubai, na almasi zile zikawaka. Mzee Karugendo aliichukua kwa mikono miwili. Aliitikisa kidogo, akaisikiliza jinsi inavyotetemeka. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, akakirudisha, akakipitisha tena. Edvina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitambaa cha sufuria mkononi, na kila kidole kile kilipopita alikisikia mgongoni mwake.

"Huu ni mkeka wa Klaudia," mzee alisema kwa mshangao. "Klaudia, tazama. Ni mkeka wako huu!" Mama akainama, akatazama, akafunika mdomo. Macho ya mzee yalikuwa yamelowa. Watoto wake hawakuwa wamewahi kuona jambo hilo. "Nani amefanya hii?"

Hapa ndipo ukweli ulipopaswa kusemwa. Dastan alitazama kule jikoni, macho yake yakakutana na ya dada yake. Aliona jinsi alivyokuwa akingoja.

"Ni mimi, taata," alisema.

Vigelegele vikapigwa. Mzee alisimama, akamkumbatia mwanawe, akamshika bega akamgeuzia watu. Alisema kwamba mtu anaweza kuzaa watoto wengi na akabaki na mmoja tu. Alisema kile kibanja cha chini, shamba la migomba linalotazama ziwa, kuanzia siku ile ni cha Dastan, na wazee wote waliokuwepo ni mashahidi. Akamshukuru: "Wakola, mwanangu. Wakola, waitu." Wazee wakapiga makofi. Edvina alirudi ndani, akaanza kukwangua ukoko wa sufuria ambayo ilikuwa bado haijaishiwa chakula.

Pengine ingeishia hapo. Lakini palikuwa na shangazi Ephrasia, dada yake mzee, mwanamke asiyeweza kukaa na jambo tumboni. Alikuwa amelala Kashai kwa Dastan wakati wa matibabu ya jino, na aliona aliyoyaona. Rubisi ilikuwa imemchangamsha. Alisubiri kelele zipungue, akasema kwa sauti ya utani, "Lakini Dastan, tangu lini wewe unajua kushika uzi? Mimi nilimwona Edvina ndiye anazivingirisha, kutwa nzima mlangoni, kama anamshonea askofu!"

Watu wachache walicheka. Shangazi naye alicheka, akidhani amefurahisha. Mzee Karugendo hakucheka. Alimtazama Dastan, na Dastan akaangalia simu yake.

"Ni kweli?"

"Tulisaidiana, taata. Fimbo ni yangu. Yeye... uzi tu."

Mzee alinyoosha shingo kuelekea jikoni.

"Wewe," alisema.

Hakusema Klaudia mwambie mtu wako. Alisema wewe, na alikuwa akimtazama. Wanawake wa jikoni walimsukuma Edvina mbele. Alitoka akiwa na majivu mikononi, akapita katikati ya viti, akapiga magoti mbele ya baba yake. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na jambo la kumtia aibu maisha yake yote ni kwamba mbio zile zilikuwa za furaha. Baba alikuwa amemwita.

"Nyuzi hizi umeziweka wewe?"

"Ndiyo, taata."

"Zitoe."

Hakuelewa. Alimtazama usoni, na uso ule haukuwa na hasira. Ulikuwa umetulia, kama wa mtu anayemwonyesha fundi mahali pa kupiga msumari.

"Sitashika kazi ya mkono ulioiacha altare," mzee alisema, sasa kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Fimbo ni ya mwanangu, nimeipokea. Hizi ni zako. Toa vitu vyako kwenye kitu cha watu. Mleteeni wembe."

"Baba Dastan," Klaudia alisema chini chini, "leo ni jubilei."

"Ndiyo maana nataka iwe safi."

Wembe ulitoka kwenye mkoba wa mtu, ukapitishwa mkono kwa mkono. Hakuna aliyeuzuia njiani. Edvina aliupokea. Angeweza kuuacha ardhini, akanyanyuka, akaenda barabarani kusubiri basi. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo. Lakini wakati ule baba yake alikuwa amesema naye, na alichosema kilikuwa ni agizo, na yeye alikuwa amekaa muda mrefu bila agizo lolote kutoka kwake.

Akaanza na pete. Alijua jinsi ya kukata: unapitisha wembe juu ya mguu wa chuma wa pete, hapo tu, ili makali yasiguse fimbo na kuitia jeraha. Alikata kwa uangalifu ule ule aliofungia. Gundi ilipasuka, uzi ukanyanyuka, akaushika kwa kucha akauvuta, nao ukatoka kwa mlio mkavu. Pete ikaanguka kwenye majani. Akakata nyingine. Mtu mmoja akaomba nyama iongezwe, mwingine akaitikia, na maongezi yakarudi taratibu, watu wakila huku wakitazama. Binamu mmoja alisimama kwenye kiti na kurekodi kwa simu.

Almasi zilichukua muda zaidi. Pale hapakuwa na chuma cha kukatia juu yake, na ilimbidi aparue kwa ubavu wa wembe, safu baada ya safu, nyekundu, kijani, nyeupe, akipuliza vumbi la gundi. Alijikata kidole cha shahada, damu ikapaka fimbo. Mzee alitoa leso yake mfukoni, na Edvina alidhani anampa. Alikuwa akiipangusa fimbo.

Ilipokwisha, mzee alikuwa na kijiti cheusi kitupu, kisicho na pete hata moja, kisichofaa kuvulia hata dagaa. Alikiinua akakiangalia kwenye mwanga.

"Dastan," alisema, "utakwenda uniwekee uzi mweusi mtupu. Mkono wako." Kisha akamgeukia mkewe. "Klaudia, mwambie mtu wako aokote takataka zake."

Edvina aliokota, nyuzi na pete, akazitia kwenye upindo wa kitenge. Kibanja cha chini kilibaki kuwa cha Dastan. Hakuna mzee aliyeuliza habari ya uongo wake.

Kabla hata ya basi lililomrudisha Edvina kufika Muleba mjini, picha za yule binamu zilikuwa tayari kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Watu waliweka vikaragosi vya kulia. Mmoja aliandika kwamba mzazi ni Mungu wa pili. Shangazi Ephrasia aliandika kwamba mapambo yalikuwa mazuri lakini, haikatazwi kusema ukweli.

Dastan hakusema kitu mpaka siku alipoileta ile fimbo kibandani na kuilaza juu ya meza ya Edvina.

"Nyeusi tupu," alisema. "Ni kazi ndogo kwako."

"Amesema mkono wako."

"Vina, unajua mikono yangu."

"Najua. Ulimwambia ni yako."

"Nani atajua?"

Edvina aliweka chini uzi aliokuwa ameshika. "Dastan, ulinitazama. Kabla hujasema ni wewe, ulinitazama kwanza."

Kaka yake alijipangusa uso kwa kiganja. "Ungetaka nifanye nini? Alikuwa analia. Umewahi kumwona analia? Alikuwa amefurahi na mimi ndiye niliyesimama pale. Ingekuwa wewe ungesema?"

"Ningesema."

"Ndiyo maana uko ulipo," alisema Dastan. Hakulisema kwa ukali, na hilo lilimuuma zaidi. "Fanya uzi, au toa vitu vyako. Siwezi kukaa na mtu anayenihesabia makosa ndani ya kibanda changu."

Alitoa vitu vyake. Havikujaza hata mfuko mmoja.

Dastan alimfungia baba yake pete kwa mkono wake mwenyewe, kama ilivyoagizwa, na mzee akamwonyesha kila aliyepita nyumbani, akisema kazi ya kiume haina maua. Akaenda nayo ziwani. Sangara alinasa, mkubwa, kwa maelezo ya waliokuwepo. Fimbo ikapinda vizuri, mshipi ukavutika, na pete ya katikati ikateleza kutoka kwenye uzi wake uliolegea kama soksi inavyoteleza mguuni. Mshipi ukajikata kwenye chuma. Mzee alitupwa nyuma, akaanguka juu ya mawe, akavunjika mkono karibu na kiwiko. Mkono haukuunga sawasawa. Hakuvua tena.

Edvina alipata habari hizo kwa mama yake, aliyefika Kashai na mkungu wa ndizi kichwani. Wakati huo Edvina alikuwa akifanya kazi chumbani kwake, karibu na dirisha. Mwenye hoteli mmoja alikuwa ameona tofauti ya nyuzi kwa Dastan, akauliza, akamfuata yule mwenye mikono. Klaudia alikaa ukingoni mwa kitanda, akanywa chai, akazitazama fimbo zilizoegemezwa ukutani bila kuzitaja.

"Anaumwa sana?" Edvina aliuliza.

"Mkono umepinda. Dastan anakuja kila Jumapili." Mama alizungusha kikombe. "Baba yako anasema ni wewe."

"Mimi nini?"

"Mkono uliovunjika. Anasema fimbo iliguswa kwanza na wewe ndiyo maana ilimtupa. Kwamba uliikata kwa wembe makusudi."

"Mama, ulikuwepo. Ulikuwa umekaa pale pale. Uliona nilivyokata."

"Niliona," alisema Klaudia.

Edvina alisubiri aendelee. Mama alimalizia chai yake, akaweka kikombe sakafuni.

"Ameita wanaukoo. Amesema mbele yao siku yake ikifika usikanyage. Usimzike. Usitupe udongo. Hata kwenye barabara ya kuingilia usionekane. Wamekubali wote, Dastan ameweka sahihi. Akanituma nikuambie mwenyewe, usije ukasema hukuambiwa."

Nje bodaboda ilipita na muziki wake, ikapotelea kona.

"Na wewe ulisemaje, mama?"

Klaudia alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama ameulizwa jambo ambalo halikumpitia kichwani.

"Mimi? Nilikuwa nawamiminia rubisi."

Edvina alimsindikiza mpaka stendi, akambebea mkoba, akamtafutia kiti cha dirishani. Mama alimshika mkono kupitia dirisha, akamwambia asile ndizi zile zote siku moja, nyingine azifunike ziive. Edvina aliitikia. Basi lilipoondoka alirudi kwa miguu, akapita mlango wake bila kuuona, akarudi nyuma.

Alilia baadaye, na hakumlilia baba yake. Alimlilia mama, aliyepanda basi toka Buganguzi na mizigo miwili, mkungu wa ndizi na maneno yale, akaitua yote mlangoni pa binti yake kwa sauti moja, kisha akaomba chai.